Barua ya Kunisifia

Bosi wangu wa zamani ana roho nzuri kuliko Kiingereza chake. Nilipomwomba barua ya kunipendekeza, hakuuliza hata naenda kwa nani. Aliichapa mwenyewe, akagonga mhuri, akanikabidhi huku akitabasamu kama anayenirithisha shamba.

Nikaisoma palepale mlangoni. Sentensi ya pili: "He hardly works, even when nobody is watching." Yaani kazi huyu haigusi, hata pale asipoonwa na mtu!

Nikarudi ndani. "Mzee, samahani. Hapa iwe hard."

Akavua miwani. "Kijana wangu, hard ni kivumishi. Jiwe gumu, mtihani mgumu. Hapa naeleza unavyofanya kazi, na kinachoeleza kitenzi ni kielezi. Kielezi cha Kiingereza huvaa -ly. Slow, slowly. Quick, quickly. Hard...?"

Akanyamaza, ananingoja nimalizie kama mtoto wa chekechea. Sikumalizia. Nikamwambia hard ni kivumishi na ni kielezi pia, yaani "kwa bidii", haibadiliki umbo, sawa na fast. Hardly nayo ni kielezi kweli, ila imeshamkana ndugu yake: maana yake ni "kwa nadra mno", "ni kama hakuna". Tena hiyo -ly yenyewe si ya kuaminiwa. Friendly inayo, na ni kivumishi.

Akashusha kamusi. Kidole kikateremka taratibu hadi kwenye hardly, kikatua juu ya kile kifupisho cha "kielezi". Akaifunga, pu! "Si unaona?"

Maana ilikuwa palepale, mbele ya ukucha wake. Nikambembeleza aifungue tena, asome mstari mzima. Akasoma. Akarudia kwa sauti ya chini. Kisha akanitazama kwa jicho kali, utadhani Kiingereza nimekitunga mimi.

"Haya, tunarekebisha."

Akaifuta hardly kila alipoikuta, akaweka hard, kwa hasira za mtu aliyesalitiwa. Mhuri mpya. Bahasha akaifunga kwa gundi mbele ya macho yangu: barua ya siri, akasema, mambo ya kusomea mlangoni yaishe.

Kumbe kule chini palikuwa na hardly nyingine, na hiyo ilikaa mahali pake kabisa: "He hardly complains." Huyu ni nadra kulalamika.

Siku ya usaili, mwenyekiti wa jopo akafungua bahasha. Nyusi zikapanda. "Bosi wako anasema, 'He works hard. He complains hard.' Kumbe kulalamika nako unajituma?"

Jopo zima likaangua kicheko. Nikaanza kueleza: ile ya kwanza ilistahili kubadilishwa, ya pili iachwe, kosa ni la aliyechapa, mimi nilimwonya mapema, lakini nani ananisikiliza siku hizi? Sauti ikanipanda. Nikajikuta nagonga meza.

Mama mmoja wa jopo akamwinamia mwenzake. "Barua haijadanganya," akanong'ona.