Mjomba, Unagombea Nini?

Hivi jamani, mtu akitaka kuuza samaki Mwanza siku hizi lazima kwanza akasomee kuchora? Nauliza tu. Mwaka wa tisa huu nakaanga sato hapa Kirumba, na tangazo langu lilikuwa moshi. Mtu anapita zake, pua inamgeuza shingo, anakaa. Biashara imeisha. Sijui nani aliniroga nikaenda kuchapisha bango.

Najua. Ni jirani. Kafungua juzijuzi, sato wenyewe wadogo kama wametoroka shule, lakini ana bango. Basi wateja wakawa wananipita kwa mguu uleule waliokuwa wanakujia kwangu. Nikaona isiwe tabu. Nikachukua 80,000 yangu, nikaenda kwa kijana mmoja anayedizaini stesheneri.

Kijana ananiuliza, "Mzee, tuweke nini?" Swali gani hilo? Bango nalilipia lote, mita mbili kwa moja. Ukinunua gunia la dagaa unakubali kupewa lililojaa nusu? Nikamwambia weka vyote. Weka sato, weka sangara, weka supu, weka ugali wa dona na wa sembe. Weka lipa namba. Weka Ziwa Victoria, weka Jiwe la Bismarck watu wajue tuko Mwanza (kana kwamba anayesimama Kirumba anaweza kudhani yuko Tanga). Weka "Mungu ni mwema". Weka uso wangu, mkubwa, nimevaa koti la harusi ya shemeji. Pakabaki kiupenyo kidogo kona ya chini, roho ikaniuma, nikamwambia weka na choo, kile cha kulipia kilichoko nyuma ya kibanda. Kijana hakubisha hata kimoja. Laiti watoto wangu wangekuwa watiifu hivyo.

Nikalitundika Jumatatu. Kufika saa nne, bodaboda watatu wamepaki mbele ya kibanda, hawali. "Mheshimiwa, fulana zinakuja lini?" Fulana gani? "Na mafuta, mheshimiwa. Sisi tukipita mtaani na picha yako, udiwani huo umeisha." Nikawaambia mimi nauza samaki. Wakacheka, wakakonyezana, mmoja akasema huyu mjanja, hataki kuanza kampeni kabla ya muda. Mchana akaja mzee na mtaro wake ulioziba. Ananieleza mtaro nusu saa, samaki wangu wanaungua.

Jioni ndiyo akaja bibi mmoja na fimbo, anatembea kwa shida. "Mwadila, mtumishi," akanisalimia kwa Kisukuma. Nikaitika mhola. Akaketi, akaninyooshea goti. Akauliza mkutano unaanza saa ngapi, maana kaambiwa kuna uponyaji. Ningefanyaje? Nikampa supu. Akanywa, akainuka, akasema anajisikia nafuu, akaondoka bila kulipa. Kesho yake kaleta wenzake wawili.

Wiki hiyo akafika mpwa wangu kutoka chuo huko Dar, anakosomea mambo ya grafiki. Mimi nilidhani ni mambo ya kuchora vikatuni, kumbe ada yote ile ni ya kujifunza kumuaibisha mjomba wake. Alishuka kwenye bajaji, akasimama mbele ya bango, mkono mdomoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, unagombea nini?"

Akanikalisha kwenye benchi langu mwenyewe. Anasema jicho halisomi kwanza, linatazama kwanza. Linakwenda kwenye kitu kikubwa kuliko vyote, halafu kinachofuata, halafu linachoka linaondoka zake. Na likiona sura ya mtu, linaikimbilia. "Sasa mjomba, sura yako ni kubwa mara nne ya sato. Na Mwanza hii, mwenye sura kubwa kwenye bango ni mmoja kati ya wawili, anataka kura au anataka sadaka." Ukitaka kuuza sato, anasema, sato awe mkubwa kuliko wewe. Maneno hayo namwambia nani? Mama watoto alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Nikadhani yameisha. Akaniuliza, "Na hii supu ya 200, unapata faida kweli?"

Supu gani ya 200? Supu yangu ni 4,000! Akanionyesha. Ile kona ya chini, yule kijana mtiifu alibananisha hivi: "SUPU YA SATO", chini yake "CHOO", chini yake "200". Hapo ndipo nilipomwelewa yule jamaa wa Jumatano aliyekunywa supu, akanipa sarafu ya mia mbili, akataka tupigane. Halafu kuna mwingine aliuliza kwa upole kabisa kama hiyo supu inanywewa hukohuko.

Mpwa akasema hilo ni jambo la ukaribu, vitu vikikaa karibu, macho yanavihesabu kuwa ndugu. Akataja na mtu, Max Wertheimer, aliyeandika habari hizo kwa Kijerumani mwaka 1923. Hebu fikiria. Wajerumani wameondolewa Mwanza tangu 1916, miaka saba baadaye mmoja wao anakaa huko kwao anaandika kuhusu choo changu.

Nikamuuliza, basi namba ya simu nayo ina kosa gani? Maana hakuna aliyepiga. Akasema, "Namba gani?" Nikamwonyesha. Akasogea. Akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Namba ilikuwepo, ya njano, juu ya nyeupe, mimi mwenyewe niliichagua kwa sababu njano inang'aa. Kumbe kung'aa na kuonekana si ndugu. Anasema wanaotengeneza kurasa za intaneti wana kipimo chao cha rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake zinavyoachana. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1. Na njano yangu? 1.07 kwa 1. Hiyo sifuri saba ndiyo niliyoilipia.

Rangi zenyewe zilishanichezea kabla. Kwenye kompyuta ya kijana sato alikuwa amekaangika, dhahabu tupu. Kutoka kwenye mashine, amefubaa kama kalazwa juani siku mbili mwaloni. Nilitaka kupigana. Mpwa anasema si wizi, kompyuta inapika rangi kwa mwanga, nyekundu na kijani na bluu, mashine inapika kwa wino, na kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Sawa. Lakini sura yangu mbona haikufubaa? Ilibaki nyeusi inameremeta.

Herufi sizisemi sana. Nilikuwa na aina tisa. Mpwa anasema mbili zinatosha. Neno "Sangara" lilikuwa kwenye zile za kadi za harusi, zenye mikia, mtu akasoma "Sanjari" akaenda zake. Bei zilikuwa kwenye herufi za kuchekesha nilizozipenda kuliko zote, akaniambia zinaitwa Comic Sans, alizibuni Vincent Connare mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona mbwa wa katuni anaongea kwa herufi za kiofisi. Kwa hiyo kumbe bei zangu zilikuwa zinabweka.

Haya, kosoa yote, lakini hili la mwisho ndilo lililonivunja. Anataka bango liachwe wazi. Nafasi tupu! Nikamwambia binti, mimi kibanda hiki nakilipia kodi, kila hatua ina hela, leo nilipie na mahali ambapo hapana kitu? Hakujibu. Alinipeleka mpaka karibu na kivuko cha Kamanga, akaninyooshea Jiwe la Bismarck.

"Mjomba, Mwanza ina mawe mangapi?"

Nikamwambia Mwanza ni mawe. Nyumba zimekaa juu ya mawe, mbuzi wanalala juu ya mawe.

"Sasa mbona wote wanapiga picha hili?"

Nikalitazama. Limesimama majini peke yake, limezungukwa na ziwa, hakuna cha kulibana. Lingekuwa kule mlimani Bugando katikati ya wenzake, watu wangelianikia nguo. Halafu akaanza na mizani, eti limeinamia upande lakini halianguki kwa sababu uzito umegawanyika, na bango nalo lipangwe hivyohivyo, si lazima kila kitu kikae katikati kama maiti. Nilikuwa simsikilizi tena. Nilikuwa nahesabu maji yale yote matupu kwa bei ya mita ya mraba.

Basi tukachapisha lingine. Bluu nzito. Sato mmoja mkubwa, upande mmoja. "SATO WA MOTO", nyeupe, unayasoma ukiwa ndani ya daladala. Chini namba ya simu. Kwingine kote, ziwa. Sura yangu haipo, na koti nimemrudishia shemeji.

Nikiri tu, wanakuja. Wanakaa, wanaagiza sato, wanalipa. Bibi wa goti alipita, akatazama juu, akauliza mtumishi kahamia wapi.

Lakini ile nafasi, ndugu zangu. Nikikaa kwenye benchi naiona. Usiku naiota. Mama watoto naye alikuwa anaiona kimyakimya, kumbe, maana Alhamisi nimefika asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa palepale kwenye bluu, kwa mkono wake: "BARAFU ZIPO". Nikanyamaza. Mchana fundi baiskeli akaomba apate nafasi ya kipande cha boksi tu, 5,000 kwa mwezi. Nikapokea. Jana nimeongeza "CHOO KIPO", nikakiweka mbali kabisa na supu, mnione nimeelimika.

Mpwa amepiga simu, anakuja Jumamosi. Nimemwambia asihangaike, huku mvua kubwa, barabara imekatika.