Mwanafunzi wa Sheria na Uongozi wa Chuo: Tunaogopa Kisichostahili

Mzazi anayemsomesha mwanawe sheria huwa na onyo moja: achana na siasa za chuo. Onyo hilo lilipata nguvu mpya Oktoba 2022, ilipojulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, wanakopitia wahitimu wa sheria wa vyuo vikuu kabla ya kuwa mawakili, waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa.

Namba hizo zinatisha, nami sizidharau. Hata hivyo, zinatumika kuthibitisha jambo zisilolisema: kwamba uongozi wa chuo ndio unaowaangusha wanafunzi wa sheria. Viongozi wa serikali ya wanafunzi katika kitivo chochote cha sheria ni wachache, na haiingii akilini kwamba wote 607 waliokwama walikuwa wakihudhuria vikao wakati wenzao 26 wakijisomea maktaba. Serikali iliona ugumu wa jambo hili, ndiyo maana ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo. Kumtwisha mgombea wa ubunge wa kitivo katika bunge la wanafunzi mzigo wa anguko lile ni kumwonea.

Nilikuwa mwaka wa pili, mwakilishi wa wanafunzi, nilipoingia katika kikao cha nidhamu pamoja na mwenzetu aliyekutwa na simu kwenye chumba cha mtihani. Barua ya tuhuma alikabidhiwa mlangoni, dakika chache kabla ya kuitwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayompa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, nilikuwa nimeikariri na kuijibia mtihani. Kuitamka mbele ya wajumbe waliokwisha kukunja nyuso, huku karatasi ile ikitetemeka mikononi mwa mwenzangu, lilikuwa somo jingine kabisa. Niliomba kikao kiahirishwe ili aandae utetezi wake, tukapewa siku tano. Hakuna mhadhara ulionifundisha namna hiyo kwamba ombi fupi lenye kifungu na sababu hupenya pale ambapo manung'uniko marefu hugonga mwamba.

Wanaotetea uongozi wa chuo hupenda kumtaja James Orengo, aliyeongoza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa mwanafunzi wa sheria, kisha akawa wakili na mwanasiasa mashuhuri. Mfano huo haunivutii sana, kwa kuwa wengi wetu hatutafika huko. Kinachobaki kwa mwanafunzi wa kawaida ni kujua kusoma kanuni hadi kiambatisho cha mwisho, kuandika rufaa ya mtu mwingine na kupatanisha pande mbili zisizosalimiana.

Gharama nayo ipo. Fedha za Bodi ya Mikopo zikichelewa, simu ya mbunge wa wanafunzi hulia hadi usiku wa manane, na kesho yake ana semina asiyoisomea hata ukurasa mmoja. Wapo pia wanaoingia kwa ajili ya vyama vya siasa, wakatoka na makundi na alama za chini.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniomba ushauri, humwambia agombee ubunge wa kitivo au aingie wizara ya katiba na sheria ya serikali ya wanafunzi akiwa mwaka wa pili, na aachie ngazi kabla ya mwaka wa nne. Urais wa wanafunzi katika mwaka huo wa mwisho, pamoja na utafiti wa kuhitimu na maandalizi ya Taasisi, ndipo ninapokubaliana na wazazi.