Mabano ya mraba katika Biblia, na swali la kuaminika kwake

Katika misiba ya Kilimanjaro, ambako Wakatoliki na Walutheri ni ndugu wa boma moja na huzikana pamoja, kuna mahali katika sala ya Baba Yetu ambapo sauti hupungua ghafla. Wakatoliki wakifika “lakini utuopoe maovuni” husema Amina na kunyamaza, na Walutheri huendelea peke yao: “Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele.” Waliozoea hawashtuki. Lakini kijana akirudi nyumbani na kufungua Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ndiyo iliyolea waumini wengi wa Kiprotestanti wa lugha hii, atayakuta maneno hayo katika Mathayo 6:13 yamefungwa ndani ya mabano ya mraba. Akiendelea kusoma atakuta mabano tena katika Mathayo 17:21, penye habari ya kusali na kufunga, na tena katika Matendo 8:37, penye ungamo la towashi wa Kushi kabla ya kubatizwa. Mabano yanamwambia kwamba maneno hayo hayamo katika baadhi ya hati za kale zinazotegemewa, na kwamba waliotafsiri hawakutaka kulificha jambo hilo.

Kwa wengi, mabano hayo ni ushahidi wa mashtaka. Wahubiri wa mihadhara ya viwanjani wamezinyanyua aya hizo mara nyingi mbele ya umati na kuuliza: ikiwa wenyewe mnakiri kwamba maneno yaliongezwa, mnajuaje mengine hayakuongezwa? Swali hilo ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa makelele. Ninaandika kwa sababu naona Wakristo wenyewe wamelikimbia kwa muda mrefu, ilhali jibu lake lina nguvu kuliko wanavyodhani.

Kwanza tuupe upande wa mashaka haki yake. Hakuna hata ukurasa mmoja wa Agano Jipya ulioandikwa kwa mkono wa mtume au mwinjilisti ambao umetufikia. Tulicho nacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono kwa karne kumi na nne kabla ya mashine ya kuchapa kupatikana Ulaya. Hati za Kigiriki zilizoorodheshwa ni zaidi ya 5,000, lakini sehemu kubwa ni za karne ya 9 na kuendelea, na nyingine ni vipande tu. Bart Ehrman, mtaalamu wa Marekani aliyeanza safari yake akiwa Mkristo wa msimamo mkali na kuishia nje ya imani, alilifikisha jambo hili kwa wasomaji wa kawaida mwaka 2005 kwa kauli iliyosambaa kila mahali: tofauti zilizomo katika hati za Agano Jipya ni nyingi kuliko maneno ya Agano Jipya lenyewe. Maneno ya Kigiriki ni kama 138,000. Tofauti hukadiriwa kufika 400,000, na wapo wanaokadiria zaidi.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani kwamba kila neno la Injili limepindwa karibu mara tatu, na kama maana yake ingekuwa hiyo, mjadala ungekuwa umekwisha. Inafaa basi tuikalie, tuone jinsi inavyopatikana.

Tuchukue darasa la wanafunzi 40 na mwalimu anayesoma imla. Mwalimu anamaliza, anaondoka na karatasi yake, wala haonekani tena. Kila mwanafunzi amekosea mahali patatu: huyu ameandika “mahari” badala ya “mahali”, yule ameruka neno, mwingine ametanguliza jina la pili mbele ya la kwanza. Tukizikusanya karatasi zote tutahesabu makosa 120, na kama imla yenyewe ilikuwa na maneno 100, mtu anaweza kusimama na kutangaza kwamba makosa ni mengi kuliko maneno. Hatakuwa amesema uongo. Lakini mpe mtu makini karatasi hizo 40 azilinganishe mstari kwa mstari, naye atairudisha imla ya mwalimu karibu yote, kwa sababu wanafunzi hawakukosea mahali pamoja. Sasa tuchukue darasa lenye mwanafunzi mmoja. Hapo tofauti ni sifuri, kwa kuwa hakuna cha kulinganisha nacho, na makosa yake matatu hayatajulikana kamwe.

Hivyo ndivyo hesabu ya hati inavyokwenda. Kila hati mpya inayofukuliwa huongeza idadi ya tofauti, na papo hapo huongeza uwezo wa kusahihisha. Sehemu kubwa ya zile 400,000 ni tahajia, kama jina la Yohana kuandikwa kwa n moja au mbili, na mpangilio wa maneno, kama “Yesu Kristo” na “Kristo Yesu”, ambao katika Kigiriki haubadilishi habari. Nyingine ni makosa ya jicho la mnakili aliyeruka mstari, na hayo hujulikana mara moja. Zile ambazo zinagusa maana na wakati huohuo zina msingi katika hati za kale ni sehemu ndogo sana ya jumla.

Hoja hii si ya jana. Mwaka 1707 huko Oxford, John Mill alitoa toleo la Agano Jipya la Kigiriki alilolifanyia kazi kwa miaka 30, akilinganisha hati zipatazo 100, akaorodhesha tofauti 30,000. Kanisa la Uingereza lilitikisika. Daniel Whitby, mchungaji mwema, alimshambulia Mill kana kwamba yeye ndiye aliyezizua tofauti hizo, na Anthony Collins, asiyeamini ufunuo, akayachukua maneno ya Whitby na kuyageuza silaha. Aliyewajibu ni Richard Bentley, mjuzi mkubwa wa maandishi ya Kigiriki na Kilatini, kwa jambo moja ambalo sijaona likipinduliwa hadi leo: waandishi wa kale waliotufikia kwa hati moja tu ndio ambao maandishi yao yameharibika pasipo tiba, na wale wenye hati nyingi ndio tunaoweza kuwasoma kwa uhakika. Vitabu sita vya mwanzo vya kumbukumbu za mwanahistoria Tacitus vimetufikia kwa hati moja ya karne ya 9, yaani kama miaka 700 baada yake, na hakuna anayezuia visifundishwe chuoni. Hata kwetu pwani, anayezihariri tenzi za kale za Lamu na Pate hufurahi akipata hati tano zinazotofautiana kuliko akipata moja, kwa sababu moja haimpi pa kushika.

Ndiyo maana nasema mabano ya mraba ni hoja ya kuiamini Biblia. Yanaonyesha kwamba maneno yalipoongezwa, kuongezwa kwake kulijulikana, na kulijulikana kwa sababu hati zilikuwa zimetawanyika Misri, Shamu, Afrika ya Kaskazini na Roma kabla hazijawa chini ya mkono wa mtu mmoja awezaye kuzirekebisha zote. Aliyeongeza sifa mwishoni mwa Baba Yetu, pengine kwa mazoea ya ibada, aliziongeza katika nakala za upande wake, na hakuweza kuzifikia nakala nyingine.

Mfano ulio mzito kuliko wote ni ule wa 1 Yohana 5:7, maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, “Baba, Neno, na Roho Mtakatifu”. Katika hati za Kigiriki za karne za mwanzo hayamo hata katika moja. Yalikuja kupitia Kilatini. Erasmus, msomi wa Uholanzi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akalaumiwa vikali, kisha akayaingiza mwaka 1522 baada ya kuletewa hati ya Kigiriki iliyokuwa nayo, hati ambayo leo inahesabiwa kuwa ya zama zake mwenyewe. Kutoka hapo yaliingia katika tafsiri nyingi za Ulaya. Wengi husema kwamba fundisho la Utatu lilipandikizwa kwa aya hiyo. Lakini mababa wa Kigiriki waliobishana na Waario, waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, katika karne ya 4, kuanzia Mtaguso wa Nikea wa 325, hawakuitumia, ijapokuwa ingewafaa kuliko silaha yoyote waliyokuwa nayo. Walijenga hoja yao juu ya Yohana 1, Wafilipi 2 na Mathayo 28. Mtu anaweza kuwakatalia walivyozifasiri sehemu hizo, lakini hawezi kusema walitegemea aya ya kughushi. Ukiifuta aya hiyo leo, na tafsiri nyingi zimekwisha kuifuta, fundisho linabaki pale lilipokuwa.

Hata hivyo watetezi wa Biblia nao wana deni. Wanapenda kutaja zile hati 5,000 kana kwamba zote ni za jirani yake Paulo, na hawasemi kwamba ushahidi wa karne ya 2 ni mchache. Kile kipande cha Yohana 18 kilichopo Manchester, kilichochapishwa mwaka 1935, ni kidogo kama kiganja cha mtoto, na tarehe yake imekadiriwa kwa mwandiko tu. Wapo wataalamu wanaoonya kwamba si salama kukifunga kwenye miaka ya 125. Mwaka 2012, katika mdahalo na Ehrman, mtaalamu Mkristo Daniel Wallace alitangaza kwamba kimepatikana kipande cha Marko cha karne ya 1, na habari hiyo ikapigiwa shangwe makanisani. Kipande kilipochapishwa mwaka 2018 kilionekana kuwa cha mwisho wa karne ya 2 au mwanzo wa ya 3. Wallace aliomba radhi hadharani, na anastahili heshima kwa hilo, ila waliorudia tangazo lake walikuwa wengi kuliko waliorudia radhi yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa magombo ya Qumran, maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo kubwa la Isaya, lililotangulia kodeksi (yaani kitabu cha kurasa kilichoandikwa kwa mkono) kamili ya Kiebrania ya 1008 kwa zaidi ya miaka 1,000, linakubaliana nayo kwa kiasi cha kushangaza, na hili husemwa sana. Halisemwi sana kwamba katika mapango hayohayo kulikuwa na vipande vya Yeremia vinavyofuata matini fupi, ile inayojulikana kutoka tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo imepungua kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na Yeremia tunayemsoma. Kitabu kimoja kilikuwa na matini mbili tofauti zikisomwa wakati mmoja, na anayefundisha habari za Isaya anapaswa kufundisha na ya Yeremia.

Kisha kuna jambo ambalo pande zote mbili hulichanganya. Kuthibitisha kwamba tunasoma alichoandika Luka si kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Hilo la pili hupimwa kwa mizani nyingine, na hapo Luka ana siku zake njema na siku yake ngumu. Anasema Paulo alishtakiwa Korintho “Galio alipokuwa liwali wa Akaya”. Mwandiko wa mawe uliopatikana Delphi unamtaja Galio katika cheo hichohicho na kukiweka kipindi chake karibu na mwaka 51 na 52, tarehe ambayo ndiyo nguzo ya kuhesabia miaka yote ya Paulo. Lakini Luka huyohuyo anaiweka orodha ya Kirenio, liwali wa Shamu, katika siku za kuzaliwa Yesu, wakati Kirenio anajulikana kuandikisha watu mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode, ambaye kwa Luka mwenyewe ndiye mfalme wa siku hizo, alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Yametolewa majibu kadhaa, na sijaona hata moja linaloniridhisha. Simtupi kwa hilo mwandishi aliyesema amejitafutia “usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo”, kama nisivyomtupa shahidi aliyesema kweli mara nyingi akateleza katika tarehe moja. Lakini sitamwambia mwanafunzi wa kipaimara kwamba hakuna tatizo.

Uzito mkubwa zaidi nauona katika 1 Wakorintho 15. Barua hiyo, ambayo hata wakosoaji wakali wanakubali ni ya Paulo, iliandikwa katikati ya miaka ya 50, yaani miaka kama 25 baada ya kusulubiwa Yesu. Humo Paulo anakumbusha mapokeo ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kabla, anawataja Kefa na Yakobo aliowajua uso kwa uso, na anasema kwamba katika wale zaidi ya mia tano waliomwona Yesu, wengi wangali hai. Mtu anaweza kuamini kwamba walikosea. Ni vigumu kuamini kwamba habari hiyo ilizuliwa karne nyingi baadaye na wanakili.

Limebaki jambo moja linaloniuma. Katika Luka 23:34 tunasoma, “Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo.” Maneno hayo hayamo katika kodeksi ya Vatikano, mojawapo ya hati za kale zinazotegemewa sana, wala katika papirasi ya kale ya Luka iliyotangulia kodeksi hiyo. Yamo katika hati nyingine za kale, na waandishi wa Kikristo wa karne ya 2 waliyajua. Wataalamu wamegawanyika: wapo wanaosema yaliongezwa, na wapo wanaosema mnakili fulani aliyaondoa kwa sababu hakutaka waliomsulubisha Bwana wasamehewe. Mimi nawaelekea hao wa pili, nikijua kwamba moyo wangu unataka hivyo. Kila Ijumaa Kuu husomwa la kwanza katika maneno saba ya msalabani, na sijapata kusikia mhubiri akiwaambia waumini kwamba hati hazikubaliani hapo. Waumini waliokwisha kuona mabano katika Baba Yetu wangeweza kuambiwa na hili, kisha wakaendelea kusikiliza.