Viini 16 vya kufanyia nini?

Tangazo la kompyuta ya mtumba ya kazi nzito (workstation) utalijua kwa namba zake: Xeon mbili, yaani prosesa za Intel za seva na kazi nzito, viini (cores) 16, RAM 64 GB, na bei inayoicheka laptop mpya. Ni mashine kama HP Z620 au Dell Precision T5600, zilizokuwa kwa wahandisi na wahariri wa video hadi ofisi zilipozibadilisha kwa mkupuo. Watu wakiniomba ushauri huanza na bei. Mimi huwauliza watafanyia nini, na wengi wao nikishasikia jibu nawaambia waachane nayo.

Xeon E5-2670 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na viini 8, na enzi zake ilikuwa moto kweli. Tatizo ni kwamba shughuli nyingi za kila siku, hata kuchora kwenye AutoCAD, hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja. Kiini kimoja cha Core i5-12400 ya 2022 kinakiacha cha E5-2670 kwa zaidi ya mara mbili. Mtu wa lahajedwali na kivinjari atalipia viini 16, vingi vyake vishinde vimelala, na bado alalamike kuwa kompyuta nzito.

Anayefaidi ni yule anayewasha kompyuta pepe (virtual machines) nne au tano kwa pamoja, au anayerenda picha za 3D kwenye Blender kwa prosesa usiku kucha. Huyo anataka viini vingi na RAM ya kutosha, na hapo mashine hizi zinajua kazi yake. HP Z440, kwa mfano, inabeba hadi 128 GB.

Lakini hata huyo namwekea mpaka: chini ya toleo la tatu la Xeon E5, yaani E5 v3 ya 2014, asiangalie. Matoleo ya v1 (ndiyo E5-2670 hiyo) na v2 hayana AVX2, maagizo ya prosesa ya kuharakisha hesabu, na zipo programu mpya zinazogoma kufunguka bila hayo. RAM ya mashine zake ni DDR3, aina ya zamani, na bodi nyingi za kizazi hicho haziwaki kutoka kwenye NVMe, diski za kasi za siku hizi, mpaka ufanye ujanja. Ukivuka mpaka huo unapata DDR4 iliyoifuata na usumbufu unapungua. Z440 yenye E5-1650 v3, viini 6 vya 3.5 GHz, ningeichukua mbele ya T5600 yenye prosesa mbili, hata hiyo T5600 ikishushwa nusu bei. Windows ndiyo inayobaki kuwa mwiba: Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi E5 zote, v4 ikiwemo. Kwa mtu wa Linux hilo si neno.

Ukifika kwa muuzaji, mwombe afungue mfuniko. Chomoa kipande kimoja cha RAM usome lebo. Ikiandikwa PC3-12800R, hiyo R maana yake ni RAM ya seva aina ya registered. Ikiisha na E, ni ECC, yaani RAM inayosahihisha makosa yake, isiyo registered. Hizo mbili hazichanganyiki kwenye bodi moja, na wauzaji wanaojaziajazia RAM ili tangazo lipendeze wakati mwingine huwa hawajui wamechomeka nini. Angalia pia pawa saplai. HP na Dell hutengeneza za umbo lao na plagi zao, kwa hiyo ikiungua hutaenda dukani kuchukua yoyote. Kadi ya video usiihesabu kwenye thamani: Quadro K4000 ya NVIDIA ni ya familia ya zamani ya Kepler, ambayo CUDA 12, programu ya NVIDIA ya kukokotoa kwa kadi ya video, imeshaitupa. Halafu ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri asilolijua, funga mfuniko, mshukuru, ondoka.

Kuna na bili ya umeme, ambayo tangazo halitaji kamwe. Mashine ya prosesa mbili ikizidi kompyuta ya kawaida kwa wati 80 tu, na ikawaka saa 10 kwa siku, ndani ya siku 300 imekula uniti 240 za ziada. Zipigie hesabu kwa bei unayolipia umeme, ujumlishe kwenye bei ya muuzaji, ndipo uilinganishe na i5 mpya.