Kidole Changu na Nyama ya Firenze

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa ngozi. Miaka kumi na saba nanunua ngozi machinjioni, nazikagua, natia chumvi, nasafirisha. Nionyeshe sikio la ng'ombe nikwambie alikuwa analala ubavu gani. Kwa hiyo nilipopelekwa Italia wiki mbili kujifunza mashine za viwanda vya ngozi bonde la mto Arno, na Jumamosi nikapanda treni kwenda Firenze, nilihesabu kwamba naenda kula nyama. Kufundishwa nyama haikuwa kwenye ratiba.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasoma Pisa. Alinipokea stesheni, kijana amekonda kwa tambi za kantini ya chuo. Roho ikaniuma. "Shemeji," nikamwambia, "hela yako iache mfukoni. Leo unakula kwangu." Hiyo kauli naomba muikumbuke.

Tukavuka daraja hadi ng'ambo ya mto, tukaingia kwenye kamgahawa ka meza za mbao. Mkate ukatangulia. Nikauma, nikatafuna, nikasimama kutafuna.

"Hawa wamesahau chumvi."

"Hawajasahau, shemeji. Mkate wa Toscana, mkoa huu, hautiwi chumvi. Wa hapa wanasimulia kwamba zamani Pisa waligombana nao wakawafungia njia ya chumvi, nao wakasema basi, tutaoka hivyo hivyo." Alilisema hilo akiangalia chini, kama vile yeye na hosteli nzima ndio waliofunga bandari.

Kisha akaenda kunawa mikono, maana nyama huwezi kuikabili na mikono ya kwenye treni. Chooni kulikuwa na foleni. Msiba wote uliingilia hapo.

Menyu niliisoma mwenyewe. Bistecca alla fiorentina, yaani steki ya Firenze, hiyo naijua, ndiyo iliyonileta. Kando yake: 6, halafu maneno "all'etto". Euro sita! Nikaitafakari hiyo etto. Nikaamua ni kijiji. Kama sisi tunavyosema mbuzi wa Dodoma, nao watakuwa na ng'ombe wa Etto.

Mhudumu akaja, mzee mwenye aproni. Akaniuliza kitu chenye "due" ndani yake. Sisi ni wawili, nikajibu sì, yaani ndiyo. Akauliza kingine. Sì. Akatoweka, akarudi amebeba kibao cha mbao, na juu yake pande la nyama mbichi lenye mfupa wa umbo la T, unene wake vidole vinne vyangu, na vidole vyangu si vya mpiga kinanda. Akataja "chilo" na nini sijui. Nikajua anaisifia, kama mchomaji wetu anavyokuinulia paja la mbuzi ulione kabla halijakwenda motoni. Na kwetu ukiinuliwa paja, unafanya nini? Unalikagua.

Nikalibonyeza kwa kidole.

Nikabonyeza na pembeni, karibu na mfupa, penye mafuta. Nyama safi sana, nisiwe mnafiki. Mzee aliangalia kile kidole kwa muda mrefu. Halafu akasema polepole, "Va bene?" Yaani, sawa? Nikamnyooshea dole gumba, lile lile. "Va bene!"

Shemeji aliporudi nyama ilikuwa tayari jikoni. Nikamwambia nimeshamaliza kila kitu. "Umeagiza kwa bei gani, shemeji?" Nikamjibu kwamba mgeni haulizi bei. Akanyamaza, ndivyo alivyolelewa.

Ikaja imekatwakatwa, nje nyeusi ya mkaa, chumvi ya mawe juu. Ndani, jamani, nyekundu! Yule ng'ombe ukimwita jina angegeuka. Nikamtuma shemeji aombe irudishwe motoni. Wakazungumza, mikono ikapaa hewani, shemeji akarudi na jibu: mpishi amekataa. Fiorentina huliwa hivyo hivyo. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na anasema wewe uliyeibonyeza ndiye utakayeimaliza."

Tukaimaliza. Nilianza na vile vipande vya pembeni vilivyoiva, nikimpa kijana vya katikati kwa kisingizio cha upendo. Baada ya glasi ya pili ya divai nikaonja kimoja cha katikati. Halafu cha pili. Kilikosa kachumbari na ndimu tu, vinginevyo ningekuwa nadanganya nikisema kibaya.

Bili ikaja. Euro 101.

Nikacheka, nikamrudishia mzee, nikamwonyesha meza ya jirani. Akanirudishia. Shemeji akaichukua, akaisoma, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayefunga macho ya marehemu. "Shemeji, etto ni gramu mia." Nyama ilikuwa kilo moja na gramu mia nne. Etto kumi na nne mara sita, themanini na nne. Divai nane, maji tatu, na euro tatu kila mtu kwa sababu tu ya kukaa, wanaita coperto, yaani ule mkate usio na chumvi tuliukodi.

Mimi niliyenunua nyama kwa mizani maisha yangu yote! Mfukoni nilikuwa na 60. Arobaini na moja zilizobaki alitoa yule mwenye hela ya kuacha mfukoni. Usiku ujumbe wa mke wangu ulikuwa mfupi: "Nasikia mdogo wangu amekulisha. Ahsante kwa kumtembelea."

Kesho yake tulikwenda soko la San Lorenzo, lile la mwaka 1874 lenye paa la chuma na vioo. Kwenye kibanda, sufuria inatoa mvuke, nami harufu nikaitambua kabla ya kufika: utumbo! Wao wanauita lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe, unachemshwa na vitunguu na nyanya, unakatwakatwa, unawekwa ndani ya mkate na mchuzi wa kijani. Supu ya asubuhi kabisa, isipokuwa bakuli ndilo linaloliwa. Nikauliza bei. Nikauliza tena kama ni mmoja mzima. Nikauliza mizani iko wapi. Hakuna mizani.

Muuzaji akashika kifuniko cha mkate juu ya sufuria, tayari kukichovya kwenye supu, akanikazia macho: "Bagnato?"

Shemeji alinikanyaga mguu kabla sijafungua mdomo.