Kiuno cha mchukuzi hakiponi kwa tramadoli

Mwaka juzi kaka yangu aliteleza kwenye ubao uliolowa pale Kibirizi, Kigoma, akipakia saruji kwenye boti. Mfuko mmoja ni kilo 50, na yeye alikuwa na miwili kichwani. Kiuno kikateguka.

Alilala wiki moja tu. Mchukuzi analipwa kwa mfuko. Asipobeba, watoto hawali. Mwenzake akamwelekeza duka la dawa, akauziwa tramadoli bila cheti cha daktari. Maumivu yakatulia, kesho yake akarudi mzigoni. Nyumbani tukamshukuru Mungu. Shukrani ile naijutia mpaka leo, maana kiuno kilikuwa vilevile.

Tramadoli iko kundi moja na mofini. Inamzuia mtu asisikie maumivu, lakini msuli uliochanika haiuungi. Na mwili ukishaizoea, kipimo cha jana leo hakitoshi. Alianza na kidonge kimoja asubuhi, akafika vitano ndipo aweze kuinuka. Akivikosa anatoka jasho kama mwenye malaria, anaharisha, miguu haitulii usiku kucha. Mama akawa anamchemshia mwarobaini. Siku alipoanguka degedege ndipo tukainua godoro, tukakuta karatasi tupu za vidonge, zimepangwa vizuri na kufungwa raba kama noti.

Mtaani wanamwita teja. Teja gani aliyeanza kwa kutafuta unga wa watoto?

Sisemi dawa hizi zifutwe. Mgonjwa wa saratani anazihitaji. Ninachokataa ni kidonge kupewa kazi ya mapumziko. Marekani wachimba makaa wa West Virginia walipitia hukohuko, na mwaka 2020 Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, kidonge cha maumivu cha kundi hilohilo, walikiri makosa ya jinai.

Kwetu ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008: anayeumia kazini anatibiwa, na asipoweza kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara. Lakini fidia hiyo huchangiwa na mwajiri, na kaka ana mwenye mzigo wa leo na mwenye mzigo wa kesho. Nani amchangie? Mimi nasema kila mwenye saruji anayepakia pale atoe kitu kidogo kwa kila mfuko, aliyeumia alale mpaka apone.

Hospitali sasa wanampunguzia dozi kidogokidogo. Jumamosi nilimsindikiza Kibirizi akawaone wenzake. Kijana mmoja akaja mbio, vumbi la saruji limejaa kwenye kope.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akashika kiuno, akamuuliza kama lile duka bado lipo.