Kadi ya Mkopo Iliyolala Kabatini

Wengi wetu tuliohamia Marekani tukiwa watu wazima tulilelewa tukiambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba aliye salama zaidi ni yule asiyekopa kabisa. Ndiyo maana tukishapewa kadi ya mkopo huifungia kabatini, tukiamini kuwa kutoigusa ni uadilifu utakaotuongezea alama za mkopo, yaani namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi tunavyoaminika kulipa madeni. Nami niliamini hivyo kwa miaka mitatu, hadi benki ilipoifunga kadi yangu bila kunijulisha.

Kadi haikupunguzii alama kwa sababu tu imelala. Alama za FICO, aina ya alama za mkopo inayotumika sana Marekani, ambazo huanzia 300 na kuishia 850, hutazama kwanza jinsi unavyolipa madeni, jambo lenye uzito wa asilimia 35, kisha kiasi unachodaiwa, chenye asilimia 30, na hapo hupimwa umetumia sehemu gani ya ukomo wa mkopo uliopewa. Kadi iliyolala inakusaidia hapo kimyakimya. Nilikuwa na kadi mbili, moja yenye ukomo wa dola 2,000, na ile ya kabatini yenye dola 3,000. Deni langu la dola 1,000 lilikuwa asilimia 20 ya ukomo wote. Kadi ya pili ilipofungwa, deni lilelile, ambalo sikuliongeza hata senti moja, likawa asilimia 50, na alama zikashuka wakati ninatafuta nyumba ya kupanga.

Umri wa akaunti, ambao nao huhesabiwa katika alama, ndio wengi wanaohofia kuupoteza kadi ikifungwa, ingawa akaunti iliyofungwa bila doa huweza kubaki katika taarifa zako za mikopo kwa miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake.

Kinachoniuma ni sheria. Ile ya Marekani ya mwaka 2009 kuhusu kadi za mkopo kwa kawaida huitaka benki itoe taarifa siku 45 kabla ya kupandisha riba, lakini haiilazimishi kumwonya mteja kabla ya kufunga kadi isiyotumika. Naona hiyo ni dhuluma, hasa kwa mgeni ambaye alama hizo ndizo humpatia nyumba na gari.

Kadi inayotozwa ada kila mwaka bila faida sioni sababu ya kuing'ang'ania. Isiyo na ada, hata hivyo, inafaa kupewa kazi ndogo: yangu ya sasa hulipa bili ya simu kila mwezi, na deni lake lote hukatwa kwenye akaunti yangu kabla ya siku ya mwisho ya malipo.